Uanuwai wa jeni wa mwani wa Pemba

Uanuwai wa jeni wa mwani wa Pemba ni jumla ya tofauti za kurithi zilizomo katika mwani unaomea na unaolimwa kwenye maji yanayozunguka kisiwa cha Pemba, Zanzibar, nchini Tanzania. Jambo hili lina uzito kwa sababu mwani unaolimwa kisiwani una tofauti chache sana za kijenetiki, ilhali aina za asili za Afrika Mashariki, zenye jeni ambazo hazimo mashambani, ziko katika hatari ya kufunikwa na mwani wa kigeni.

Mwani unaozungumziwa hapa ni mwani mwekundu wa jenasi Eucheuma na Kappaphycus. Hauna mizizi, maua wala mbegu za kweli kama zilivyo nyasi za baharini.

Historia

Kabla ya kilimo kuanza, wakazi wa pwani ya Zanzibar waliokota mwani wa asili wa Eucheuma na kuuza kwa wafanyabiashara waliousafirisha ng'ambo. Katika miaka ya 1970 mwanabotania Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichunguza mwani huo na uwezekano wa kuulima.

Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, kwa kutumia mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Baadaye kilienea Pemba, ambako leo hutoka sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar. Wakulima walio wengi ni wanawake. Hulimwa spishi mbili: Eucheuma denticulatum, inayojulikana sokoni kama spinosum, na Kappaphycus alvarezii, inayoitwa cottonii. Zote hutoa karajinani, kitu kinachotumika kugandisha na kulainisha vyakula, dawa za meno na vipodozi. Cottonii ina bei kubwa zaidi, lakini ni dhaifu zaidi.

Jinsi uanuwai unavyopungua

Mkulima wa mwani hapandi mbegu kwa maana ya kawaida. Hukata kipande cha mwani uliokomaa, hukifunga kwenye kamba iliyovutwa kati ya vigingi viwili, na baada ya wiki kadhaa huvuna na kuacha vipande vingine vya kupanda tena. Kila kipande kina jeni zilezile za mwani kilikotoka, kama vile pingili ya muhogo inavyozaa shina lenye sifa za muhogo wa kwanza. Mwani uliozaliwa kwa njia hii huitwa kloni.

Katika hali ya asili mwani mwekundu huweza pia kuzaana kwa spora na kwa kuungana kwa seli za kiume na za kike. Njia hiyo huchanganya jeni, na vizazi vipya huwa na sifa tofauti: baadhi huvumilia joto, baadhi hustahimili maradhi. Mashambani mchanganyiko huo hautarajiwi, kwa sababu mwani hukatwa na kupandwa tena mfululizo.

Utafiti wa DNA uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mwani unaolimwa katika eneo hili una asili ya Asia ya Kusini-Mashariki na tofauti chache za kijenetiki. Utafiti mwingine wa mwaka 2015 ulieleza kwamba mwani huo wa kigeni umeenea nje ya mashamba na kuchukua nafasi ya aina za asili katika maeneo ya Zanzibar. Mawimbi huvunja matawi ya mwani, na mikondo huyapeleka kwenye miamba na matumbawe, ambako huweza kuendelea kukua. Kwa macho ni vigumu kutofautisha aina ya kigeni na ya asili, kwa kuwa zinaweza kuwa za spishi moja.

Athari kwa wakulima

Shamba la kloni likipata pigo, mimea yote huumia kwa namna moja. Maji ya kina kifupi yanapopata joto kali, mwani hudhoofika na kushikwa na ugonjwa unaoitwa ice-ice: matawi hugeuka meupe, hulainika na kukatika. Kwa sababu hiyo cottonii imetoweka katika maeneo mengi ya Unguja, na wakulima wamebaki na spinosum yenye bei ndogo. Pemba ni miongoni mwa sehemu ambako cottonii iliendelea kulimwa, ingawa nayo imekumbwa na matatizo hayo.

Kuagiza mbegu mpya kutoka nje kunaweza kuinua mavuno kwa muda, lakini kunaweza pia kuleta maradhi na wadudu. Huko Hawaii, Kappaphycus iliyoingizwa katika miaka ya 1970 ilienea juu ya matumbawe ya ghuba ya Kāneʻohe na kuyafunika.

Uhifadhi

Magharibi mwa kisiwa lipo Eneo la Hifadhi la Mkondo wa Pemba, lililotangazwa mwaka 2005, ambalo ndani yake kimo kisiwa cha Misali. Hifadhi ya namna hiyo hulinda matumbawe na samaki, na huweza pia kulinda mahali ambapo mwani wa asili humea. Hata hivyo mipaka ya bahari haizuii vipande vya mwani vinavyoelea.

Hatua zinazofaa kwa uhifadhi wa uanuwai huu ni pamoja na:
- kutambua kwa vipimo vya DNA mahali ambapo aina za asili bado zipo;
- kutenga mashamba mbali na maeneo hayo;
- kutunza mbegu za aina mbalimbali katika vitalu na maabara;
- kujaribu kulima aina za asili zinazostahimili joto;
- kuweka karantini kwa mbegu zozote zinazotoka nje.

Aina ya asili ikipotea, haiwezi kurudishwa kwa kuagiza nyingine, kwa sababu jeni zake hazipatikani Ufilipino. Kwa hiyo mwani wa miambani ambao hauna mnunuzi leo ni akiba ya mbegu kwa wakulima wa kesho.