Uhandisi wa Programu katika Elimu ya Uzamili: Funzo la Mpaka wa Tunduma

Makala haya yanafafanua kwa nini uhandisi wa programu ulihitaji kuwa somo la shahada ya uzamili. Istilahi hiyo ilienezwa na mkutano wa Garmisch, Ujerumani, mwaka 1968, wakati ambapo programu kubwa zilikuwa zikichelewa na kugharimu mno. Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, kilianzisha shahada ya uzamili katika fani hiyo. Msisitizo haukuwa kuandika programu tu, bali pia kubainisha mahitaji ya watumiaji, kusanifu na kusimamia kazi ya pamoja.

Umuhimu wa msisitizo huo unadhihirika Tunduma, mkoani Songwe. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019, ilhali forodha ya Tanzania ilikuwa imeanzisha mfumo wa TANCIS mwaka 2014, na Zambia ilitumia ASYCUDA. Kuwaweka maofisa chini ya paa moja si sawa na kuzipatanisha kumbukumbu zao. Neno mzigo, kwa mfano, laweza kumaanisha shehena ya lori zima au furushi moja. Msanifu hana budi kumwuliza wakala wa forodha anakusudia lipi.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulionyesha mwaka 2004 kuwa programu zaweza kutumia Kiswahili. Kwa hiyo, inapendekezwa kwamba mitaala ya uzamili imfundishe mhandisi kuhoji na kuandika mahitaji kwa Kiswahili, na idara zetu zishiriki katika kazi hiyo.