Kimya nacho chaweza kuwa kinyago

Neno «mnafiki» tunalolisoma katika Injili ni tafsiri ya neno la Kigiriki hupokrites. Hapo mwanzo lilimtaja mchezaji wa tamthilia, aliyesimama mbele ya watu akiwa na kinyago usoni. Warumi walikiita kinyago hicho persona. Baadaye Tertuliano, mwalimu wa Kanisa kule Karthago, alilitumia neno hilohilo la Kilatini kuzitaja Nafsi tatu za Mungu mmoja. Basi neno moja limebeba mambo mawili: uso wa kujificha, na nafsi yenyewe.

Mwaka wa 1966, Ingmar Bergman wa Uswidi alitoa filamu yenye jina hilo, Persona. Bergman alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, na filamu zake nyingi zinachunguza kile kilichoko nyuma ya uso wa heshima.

Filamu hii ina wanawake wawili. Elisabet ni mchezaji mashuhuri wa tamthilia. Siku moja ananyamaza katikati ya mchezo, na kesho yake haongei tena. Daktari anaona kwamba haumwi, wala akili yake haijaharibika. Amechoka kusema uongo, kwa hiyo amechagua kutosema lolote. Lakini daktari anamwonya: kimya nacho ni sehemu ya mchezo, kama zile alizozicheza zamani.

Alma, muuguzi kijana, anatumwa kukaa naye katika nyumba iliyo kando ya bahari. Kwa kuwa mgonjwa hasemi, muuguzi ndiye anayesema. Anajiona amepata dada wa kumsikiliza. Usiku mmoja anamfungulia moyo wote, hata dhambi ya zamani na mimba aliyoitoa, huku akilia. Baadaye Elisabet anampa barua aipeleke posta. Bahasha haikufungwa. Alma anaisoma na kukuta siri zake zote zimeandikwa kwa daktari, pamoja na maneno kwamba inapendeza kumchunguza. Upendo unageuka chuki siku ileile.

Hapa ndipo filamu inapotugusa. Tumezoea kufikiri kwamba mwenye maneno mengi ndiye mwenye kinyago, na mnyamavu ndiye mkweli. Bergman anaonyesha kwamba mnyamavu pia anaweza kujificha, tena akiwa ameshika siri za mwenzake mkononi.

Marafiki wa Ayubu nao walinyamaza, siku saba mchana na usiku. Lakini wao walikaa naye chini, wakashiriki msiba wake. Makosa yao yalianza walipofungua kinywa. Kuna kimya cha kukaa pamoja na mtu, na kuna kimya cha kumchungulia. Kwa nje vinafanana.

Katika makanisa yetu ya mashariki, wengi wanabeba mambo ya vita ambayo bado hawawezi kuyasema. Kimya chao si kinyago; ni jeraha. Tusiwalazimishe kushuhudia mbele ya watu kabla ya wakati wao. Na siku mama mmoja atakapopata nguvu ya kusema, tukumbuke ile bahasha iliyo wazi. Kwetu mara nyingi haiendi posta. Inasomwa katika kikundi cha maombi: «Tumwombee dada yetu fulani, kwa sababu alitendewa hivi na hivi.» Hata maombi yanaweza kuwa kinyago cha masengenyo.

Tunaweza kumwombea mtu bila kutaja jina wala habari yake, Mungu anamjua. Na kabla ya kuipeleka siri yake kwa yeyote, hata kwa daktari au kwa wazee wa kanisa, tumwulize kwanza mwenyewe kama anakubali.