Saa Mbili za Fundi kwa Shule za Kalengera

Tangu Desemba 2015, mtambo wa Matebe, mashariki mwa Kongo, unazalisha umeme kwa maji ya mto Rutshuru, ukiwa na uwezo wa zaidi ya megawati 13. Katika eneo la Rutshuru, ilimo Kalengera kwenye barabara ya Goma, umeme huo unaendesha mashini za kusaga na karakana za kuchomelea vyuma. Hata hivyo, walimu wengi wa fizikia wa Kivu Kaskazini bado wanafundisha volti na ampea kwa chaki na ubao tu. Kwa hiyo kampuni ndogo inayotaka kusaidia shule isianze na madaftari wala fulana zenye jina lake. Itoe saa mbili za fundi wake, awaonyeshe wanafunzi umeme ukifanya kazi.

Chukua mfano wa mashini ya kusaga. Motor iliyoandikwa kilowati 7.5, ikibeba mzigo wake wote kwa saa mbili, inatoa kazi ya yuniti (kilowati-saa) 15. Lakini mita itaonyesha zaidi. Tofauti imekwenda wapi? Mwanafunzi akisogeza kiganja karibu na motor atalihisi joto, na hapo hesabu ya ufanisi inapata maana ambayo ubao hauwezi kuipa.

Wapo watakaosema kuwa elimu ni jukumu la serikali. Ni kweli, na mshahara wa mwalimu usihamishiwe kwa mfanyabiashara. Lakini tukumbuke kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG: ufadhili wa Benki ya Dunia ulipokoma mwaka 2020, kilikaa miezi bila intaneti ya kupokelea data. Volkano ya Nyiragongo, jirani na Goma, ililipuka tarehe 22 Mei 2021. Siwezi kudai kwamba data hizo zingeutabiri mlipuko. Ninachosema ni kwamba sayansi inayotegemea fedha za mbali peke yake husimama fedha zikisimama. Fundi wa jirani hahitaji mfadhili ili afike shuleni.

Pingamizi zito zaidi ni vita. Waasi wa M23 waliuteka mji wa Rutshuru Oktoba 2022, na Goma Januari 2025. Nani apange masomo katika hali hiyo? Mpango wa maabara ya mamilioni, hapana. Saa mbili, ndiyo, kwani zikikatizwa leo zinaweza kurudi wiki ijayo. Sharti langu ni moja: mwalimu abaki darasani na fundi, ili somo liendelee fundi akiondoka, na wanafunzi wasigeuzwe vibarua wa karakana.