Bujumbura: Alama za mji uliojengwa na ziwa

Jiji la Bujumbura, lililoko kwenye ncha ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Tanganyika, limekuwa mji wa bandari kwa zaidi ya karne moja. Alama zake kuu, kuanzia nyumba za Ngagara hadi jiwe la Mugere, zinaeleza jinsi ziwa lilivyouleta mji pamoja na lugha ya Kiswahili. Katika miaka ya hivi karibuni, maji ya ziwa hilohilo yamekuwa yakitishia sehemu ya urithi huo.

Ngagara na Buyenzi

Ngagara ulijengwa katika miaka ya 1950, enzi za utawala wa Wabelgiji, na idara ya makazi ya Waafrika iliyojulikana kwa kifupi kama OCAF. Wazee wa jiji bado wanauita mtaa huo kwa jina hilo, na sehemu zake hutajwa kwa namba badala ya majina. Soko kuu la katikati ya jiji lilipoteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013, wafanyabiashara wengi walihamishia shughuli zao katika soko la Ngagara, maarufu kwa jina la Cotebu. Jina hilo ni la kiwanda cha nguo cha Bujumbura.

Ukivuka mto Ntahangwa kuelekea kusini unaingia Buyenzi, mtaa unaohesabiwa kuwa nyumbani kwa Kiswahili nchini Burundi. Lugha hii ilifika na misafara ya biashara iliyotoka pwani ya Afrika Mashariki kupitia Ujiji, na ikaendelea kukaa katika misikiti, masoko na karakana za mtaa huo.

Bandari

Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi hapa mwaka 1897, na mji ukaitwa Usumbura hadi uhuru ulipopatikana mwaka 1962. Reli ya kati ya Tanganyika ilipofika Kigoma mwaka 1914, ziwa likawa njia ya kuiunganisha Burundi na bandari ya Dar es Salaam. Hata baada ya Gitega kutangazwa kuwa makao makuu ya kisiasa, Bujumbura imebaki kuwa kitovu cha biashara, na meli za mizigo huja kutoka Kigoma nchini Tanzania na Mpulungu nchini Zambia.

Kaburi la Rwagasore

Juu ya kilima cha Vugizo, mashariki mwa jiji, ndipo alipozikwa Mwanamfalme Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Matao matatu ya kaburi hilo yanabeba kaulimbiu ya taifa: Umoja, Kazi, Maendeleo. Katika miaka ya 1950 Rwagasore alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, na Waswahili wa Buyenzi na Bwiza walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema. Chama chake cha UPRONA kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961. Mwezi uliofuata, tarehe 13 Oktoba, aliuawa kwa risasi katika hoteli iliyokuwa kando ya ziwa. Kutoka kaburini, mtazamaji huliona jiji lote, ziwa, na milima ya Kongo ng'ambo ya pili.

Jiwe la Mugere

Takriban kilomita 12 kusini mwa jiji kuna jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni wengi hudhani kuwa hapo ndipo wasafiri hao walipokutana kwa mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji siku kadhaa kabla, kisha wakasafiri pamoja kwa mtumbwi kwenda kaskazini ili kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Walibaini kuwa unaingia.

Ziwa linapopanda

Jibu hilo lina uzito hadi leo. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470, hupokea mito mingi, lakini lina mto mmoja tu unaotoa maji yake, nao ni Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengine huondoka kwa kugeuka mvuke. Kwa hiyo mvua zikizidi kwa miaka mfululizo, maji hayana pa kwenda ila ufukweni.

Hali hiyo ilishuhudiwa katika miaka ya 1960, na imejirudia katika miaka ya karibuni. Mwaka 2024 maji yaliingia katika eneo la bandari, yakafunika fukwe za starehe na barabara za kando ya ziwa, huku mto Rusizi ukiwafukuza wakazi wa Gatumba kutoka nyumba zao. Gatumba ndiyo njia ya kwenda hifadhi ya Rusizi, makazi ya viboko na mamba.

Sheria ya maji ya mwaka 2012 inakataza ujenzi ndani ya mita 150 kutoka ufukweni, lakini majengo mengi yalikuwepo kabla yake, na mengine yameongezeka baadaye. Kaburi la Vugizo na jiwe la Mugere yako salama juu ya vilima. Kilicho hatarini ni kile kilichouzaa mji wenyewe: bandari, fukwe, na watu wanaoishi kwa kulitegemea ziwa.