Skua Wawili wa Bahari ya Kusini

Miongoni mwa ndege wawindao wa bahari zinazolizunguka bara la Antaktika wamo skua. Kwa umbo hufanana na shakwe, lakini mdomo wao umepinda nchani kama wa mwewe, na vidole vya miguu vimeunganishwa kwa utando kama vya bata.

Spishi mbili za ndege hawa hukaribiana sana. Ya kwanza ni skua kahawia (Stercorarius antarcticus), ambaye uzito wake hukaribia kilo 2 na manyoya yake ni ya kahawia iliyokoza. Ya pili ni skua wa Ncha ya Kusini (Stercorarius maccormicki). Huyu ni mdogo zaidi, mdomo wake ni mwembamba, na mara nyingi kichwa na kifua chake huwa na rangi hafifu kuliko mabawa.

Tofauti ya ukubwa ina athari kubwa katika kujipatia chakula. Katika Rasi ya Antaktika, spishi zote mbili huzaliana mahali pamoja. Huko skua kahawia hushika maeneo ya makundi ya pengwini, akala mayai na makinda yao, na kumfukuza mwenziwe. Yule mdogo hulazimika kuvua samaki baharini. Basi samaki wanapoadimika, makinda yake hufa njaa, hali makinda ya skua kahawia yangali yakishiba.

Je, skua mdogo hajui kuwinda pengwini? Sivyo. Katika Kisiwa cha Ross, kusini zaidi, ambako skua kahawia hazaliani, yeye huvua samaki na pia hunyakua mayai na makinda ya pengwini. Kumbe kinachomzuia kule rasini ni jirani mwenye nguvu, wala si maumbile yake.

Hata hivyo, majirani hao hupandana mara kwa mara, na chotara wao huweza kuzaa. Majira ya baridi yafikapo hutengana: skua kahawia hubaki katika bahari za kusini, na wengi wa skua wa Ncha ya Kusini huvuka ikweta hadi Pasifiki na Atlantiki ya Kaskazini.

Kwa hiyo, anayechunguza chakula cha mnyama yeyote hana budi kuchunguza pia ni nani anayeshindana naye mahali hapo.