Friji ya Gari la Kulala Safarini

Barabara ya Embu hadi Meru hupanda na kushuka mabonde ya Mlima Kenya, na hapo ndipo friji ya gesi hushindwa. Mtambo huo, uliobuniwa Sweden mwaka 1922 na Baltzar von Platen na Carl Munters, huzungusha amonia kwa nguvu ya moto. Gari likiegeshwa mteremkoni Chogoria, mzunguko hukwama, maziwa yakachacha.

Heri kuibadilisha.

Friji ya kompresa ya volti 12 huvumilia mwinamo zaidi, hata joto la Mbuga ya Meru. Fundi afunge gesi na kuziba bomba lake kabisa, kisha avute waya mnene wenye fyuzi kutoka betri ya pili. Nyuma aache upenyo wa hewa. Bila huo kompresa haipumziki na betri huisha upesi.