Umeme haubaki ndani ya rangi

Kila ninapoeleza jinsi viwanda vinavyotumia uwanja wa umeme kutoa rangi kwenye matunda, mkono wa kwanza kunyooshwa huuliza: "Sasa huo umeme haubaki ndani ya rangi tutakayokula?" Nimelijibu swali hili mara nyingi mno. Leo nalijibu kwa wote.

Haubaki. Umeme si dawa ya kupuliza shambani hata uache masalia, wala hapa hakuna mionzi ya aina yoyote. Matunda yaliyopondwa hupitishwa kati ya elektrodi mbili na kupigwa mapigo mafupi ya umeme, mengi yakiwa ya maikrosekunde chache au makumi kadhaa tu. Pigo likishapita, umeme nao umekwisha. Kilichobadilika ni utando wa seli. Rangi ya ganda la zabibu nyekundu, ya zambarau na ya rozela ni anthosianini, nayo imefungiwa ndani ya vakuoli, mfuko wa majimaji ulio katikati ya seli. Utando wake una unene wa nanomita chache, na tofauti ya umeme ya takriban volti 1 inatosha kuutoboa. Ukitoboka, rangi ile ile iliyotengenezwa na mmea huchuruzika nje.

Wanaosema kuchemsha ndiyo njia ya asili wapige hesabu. Kilo moja ya zabibu zilizopondwa huhitaji takriban kilojuli 10 za umeme au pungufu, na joto lake hupanda nyuzi mbili au tatu. Kuichemsha kutoka nyuzi 25 hadi 90 hula zaidi ya kilojuli 200, na joto hilo ndilo linaloivunja anthosianini. Juisi ya rozela iliyochemka muda mrefu hupoteza wekundu na kuwa ya kahawia, ndipo wapo wanaotia rangi ya unga ya dukani ili kuificha, kisha chupa ikaandikwa "asili". Shirika la Kimataifa la Mzabibu na Mvinyo liliukubali utaratibu wa mapigo ya umeme kwa zabibu mwaka 2020. Hofu iliyobaki haina msingi.

Kuna imani nyingine, nayo inaua. Watu wameambiana kwamba misumari miwili, waya na soketi ya ukutani ni mtambo tosha: tumbukiza kwenye ndoo ya zambarau, washa. Jamani, acheni! Seli ya tunda hutobolewa na uwanja wa karibu kilovolti 1 kwa kila sentimita. Volti 240 zikitawanywa kwenye sentimita 20 za ndoo hubaki volti 12 kwa sentimita. Kwa seli yenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita, utando hauonji hata sehemu ya kumi ya volti moja. Hautoboki. Badala yake mkondo usiokatika unapasha juisi moto, chuma cha misumari kinayeyukia humo, na chuma kikikutana na anthosianini rangi huwa nyeusi ya kutisha. Na atakayeingiza mkono kukoroga anaweza asiutoe tena akiwa hai. Hakuna namna salama ya kulifanya jambo hili nyumbani, hata fundi awe hodari vipi.

Mwenye friza anayo njia nzuri kuliko hiyo: gandisha matunda usiku kucha, yayeyushe, yaponde, fuwele za barafu huzipasua seli. Yaloweke nusu saa kwenye maji ya nyuzi 50 hivi yenye ndimu au asidi ya sitriki, pH isizidi 3, kisha chuja. Magadi msiguse, yanaugeuza wekundu kuwa buluu na kuuharibu. Vikundi vyenye mzigo mkubwa vitafute kimeng'enya cha pektinasi, kinacholegeza kuta za seli. Mtambo wa mapigo ni ghali na unafaa kiwanda kinachosindika tani kwa saa. Wenye viwanda vya mvinyo Dodoma wangeanza na makapi, maana maganda hutupwa yakiwa bado na rangi. Wajue pia kwamba nguvu inayotosha kutoboa seli kubwa ya tunda haitoshi kuua bakteria, ambaye ni mdogo sana na hudai kilovolti 10 na zaidi kwa sentimita. Kwa hiyo rangi iliyotoka mtamboni bado ipasteurishwe kwa muda mfupi, ipozwe haraka, na ihifadhiwe gizani kwenye ubaridi, chupa ikijazwa hadi shingoni ili hewa isipate nafasi.